Refa ni Nani, na Kwa Nini Neno Lake Ndilo la Mwisho

Kila inapokwisha mechi kubwa, vikundi vya WhatsApp vya familia zetu hujaa maneno, kutoka Maskati, Dubai, Doha, Unguja na Mombasa mpaka huku Toronto ninakoishi. Wengine husifu, wengine hulia, lakini mlaumiwa aghlabu ni mmoja: refa. Yeye ndiye kipofu, yeye ndiye aliyekula rushwa, yeye ndiye aliyetunyima penalti. Na ukimwuliza mwenye kulaumu ni madaraka gani hasa sheria imempa refa, na yamemfikiaje, wachache watakujibu.

Nimeona niandike haya kwa sababu mbili. Kwanza, Kombe la Dunia la mwaka 2026 limegawiwa nchi tatu, Canada, Marekani na Meksiko, na Toronto imepangiwa mechi 6, kwa hivyo mazungumzo ya marefa hayatatupungukia. Pili, na hii ndiyo kubwa kwangu, anayetukanwa kiwanjani huku kwetu mara nyingi si yule refa wa kwenye televisheni. Ni mtoto wa miaka 14 au 15. Nitafika huko, lakini kwanza tulijue neno lenyewe.

Mwamuzi ni mwenye kuamulia

Katika Kiswahili tuna maneno mawili. "Refa" tumelichukua kwa Waingereza, na kwao asili yake ni mtu anayepelekewa shauri pale wenyewe wanaposhindwa kupatana. "Mwamuzi" ni neno letu, na kwa maoni yangu lina maana pana zaidi. Kuamua ni kukata shauri, lakini pia ni kuwatenganisha watu wanaopigana. Vijana wakishikana mtaani, mtu mzima hupiga kelele, "Waamueni!" Hakusudii mkae kitako mchunguze nani mkweli. Anataka muwaachanishe kwanza. Waarabu nao humwita hakam, neno lile lile la msuluhishi anayetolewa upande wa mume, na mwingine upande wa mke, nyumba inapoingia mtafaruku.

Mfano huo wa wasuluhishi wawili unakaribia sana historia ya mpira. Sheria zilipoandikwa London mwaka 1863, hazikumtaja refa. Waliocheza walikuwa vijana waliotoka skuli za kitajiri, na ilidhaniwa kuwa muungwana hafanyi faulo kusudi, na akifanya atakiri mwenyewe. Manahodha wawili wakikhitilafiana walipatana papo hapo.

Vikombe vilipoanza kushindaniwa, uungwana huo haukutosha. Kila timu ikawa inakuja na mwamuzi wake, na wote wawili wakasimama uwanjani. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa nao wakashindwa kusikilizana. Ikabidi awekwe mtu wa tatu, asiye wa timu yoyote, akae nje ya mstari, apelekewe yale yaliyowashinda. Huyo ndiye refa wa asili. Mwaka 1891 akaingizwa uwanjani, na wale wawili wakahamishiwa mistarini na kuwa washika vibendera. Mwaka huo huo ndipo ilipoanza penalti. Washika vibendera wamebaki na jina hilo mpaka mwaka 1996, walipoitwa rasmi waamuzi wasaidizi.

Nawaomba wasomaji waushike mpango huo. Refa hakuwekwa kwa sababu anaona kuliko watu wote. Aliwekwa kwa sababu pande mbili hazikuweza kuumaliza ubishi wao, na mechi ilitakiwa iishe kabla jua halijatua.

Kwetu sisi mpira uliingia kwa mlango wa skuli na wa ofisi za Waingereza. Wanafunzi wa misheni ya Kiungani, Unguja, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuucheza katika Afrika Mashariki. Katika skuli ya misheni niliyosoma mimi, refa alikuwa padri. Alipandisha kanzu yake mpaka magotini, akaifunga kwa mshipi, akapuliza kipenga. Aliyebishana aliambiwa maneno mawili, "Toka nje," na hakurudi mpaka kesho yake. Hatukumtii kwa kuwa ana macho makali, maana miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Tulimtii kwa sababu tulitaka kucheza, na kengele ya ibada ya jioni ilikuwa haitusubiri.

Madaraka aliyopewa

Sheria za mpira zinatunzwa na bodi iitwayo IFAB, iliyoundwa mwaka 1886. Ziko 17, na ya tano ndiyo ya refa. Kwa ufupi, inamfanya kuwa mwenye saa na mwenye daftari. Inampa uwezo wa kuusimamisha mpira, kuusitisha kwa muda, hata kuuvunja kabisa. Mchezaji akiumia vibaya, refa lazima asimamishe mara moja. Akiumia kidogo, huacha mpira uendelee mpaka utoke. Anayevuja damu hutolewa nje mpaka damu ikatike. Makosa mawili yakitokea kwa pamoja, huadhibiwa lile kubwa. Uwezo wa kumzuia mchezaji asicheze huanza pale refa anapoingia kukagua uwanja, hata kabla kipenga cha kwanza hakijapulizwa. Na tangu mwaka 2019 makocha nao huonyeshwa kadi kama wachezaji.

Huku Toronto, kiangazi kina mvua za ghafla zenye radi. Radi ikisikika, refa huwatoa watoto wote uwanjani, hata timu moja ikiwa imebakiza dakika tatu kushinda. Hapo sijaona mzazi anayebisha. Watu humkumbuka refa kuwa na mamlaka wanapoogopa.

Mambo mawili katika madaraka hayo yanataka maelezo zaidi. La kwanza ni saa. Ubao wa uwanjani unaweza kuonyesha dakika zozote, lakini saa ya mechi ni ile iliyo mkononi mwa refa. Januari 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Limbe, Cameroon, refa wa Zambia Janny Sikazwe alimaliza mechi ya Mali na Tunisia dakika ya 85. Akakumbushwa, mpira ukaendelea, kisha akaumaliza tena zikiwa zimebaki sekunde chache kufika dakika ya 90. Baadaye alieleza kuwa joto lilikuwa limemzidi. Wasomaji wa Ghuba wanajua joto linavyoweza kumfanya mtu. Mali walikuwa mbele kwa 1-0, na matokeo yakabaki hivyo.

La pili ni jambo ambalo refa hulifanya kwa kunyamaza. Timu iliyochezewa faulo ikiwa bado inafaidika, refa hunyoosha mikono mbele na kuacha mpira uende. Mfano mkubwa ninaoujua ni wa Juni 22, 1986, mjini Mexico City, Argentina na Uingereza, refa akiwa Ali Bin Nasser wa Tunisia. Goli la kwanza Maradona alilifunga kwa mkono. Refa hakuuona, akamtazama mshika kibendera wake, naye hakutoa ishara yoyote, goli likahesabiwa. Dakika nne baadaye Maradona aliupokea mpira katika nusu yake, akawapita Waingereza mmoja baada ya mmoja huku wakijaribu kumzuia, na Ali Bin Nasser akimfuata mbio bila kupuliza. Angekatiza mbio zile kwa kipenga kimoja tu, lisingekuwapo goli ambalo wengi wanalihesabu kuwa zuri kuliko yote ya Kombe la Dunia.

Refa ni yule yule, mechi ni ile ile, na tofauti ni dakika nne. Dunia inamkumbuka kwa lile la kwanza. Maradona mwenyewe, mwaka 2015, alikwenda Tunisia kumtembelea na akampa jezi.

Maana ya "uamuzi wa mwisho"

Sheria ya tano inaeleza kuwa uamuzi wa refa juu ya yaliyotokea mchezoni, pamoja na kama goli limeingia au halikuingia, ni wa mwisho. Anaweza kuubadili akitambua amekosea, au wasaidizi wake wakimweleza, lakini mpira ukishaanzwa tena hakuna kurudi nyuma.

Wengi husikia hivyo wakadhani sheria inamfanya refa kuwa asiyekosea. Haisemi hivyo. Sheria inajua vizuri kuwa atakosea, ndiyo maana imempa wasaidizi, na tangu mwaka 2018 imeiingiza VAR, yaani waamuzi wanaotazama marudio ya picha. Hata hao, walipoanza, walipewa mambo manne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi iliyopewa mtu asiyehusika. Tena aliye chumbani hushauri tu, na mwenye kuamua ni yule aliye uwanjani. Ubishi haukwisha, kwa kuwa picha huonyesha mguu umegusa mguu, lakini haisemi kama mguso ule ulitosha kumwangusha mtu. Hilo bado linataka mtu alipime.

Ndugu zangu wa Oman hawajasahau fainali ya Kombe la Ghuba kule Kuwait, tarehe 5 Januari 2018. Oman na Imarati walikuwa bila goli, na katika dakika za mwisho kabisa Imarati wakapewa penalti. Refa yule alivyosemwa katika majumba yetu nyinyi mnajua kuliko mimi. Kipa Fayez Al-Rushaidi akaiokoa, mechi ikafika kwenye mikwaju, Oman wakachukua kombe kwa 5-4, na refa hakutajwa tena. Basi nauliza: penalti ile ilikuwa ya haki au haikuwa? Ikiwa jibu lako linabadilika kwa kuwa kipa aliiokoa, ujue ulikuwa hulipimi kosa. Ulikuwa unayapima matokeo. Refa hana ruhusa ya kupima hivyo, na ndiyo maana hatukabidhi kazi hiyo kwa shabiki.

Kadi nazo zilikuja kwa ajili ya kumaliza ubishi. Mwaka 1966 Uingereza na Argentina walikutana Wembley katika robo fainali. Refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Refa hakujua Kihispania, Rattín hakujua Kijerumani, na zikapita dakika nyingi kabla hajakubali kutoka. Mwingereza Ken Aston, mwalimu wa skuli aliyekuwa msimamizi wa marefa wa mashindano yale, alikuwa akiendesha gari kurudi nyumbani alipozitazama taa za barabarani akapata fikra: njano ni onyo, nyekundu ni simama. Kadi zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la Meksiko mwaka 1970. Mtu anayeishi Toronto, mji ambao katika kiwanja kimoja cha watoto utasikia Kireno, Kisomali, Kichina, Kiurdu na Kiswahili asubuhi moja, anaufahamu uzuri wa alama isiyohitaji mkalimani.

Malalamiko yana mlango wake

Msinielewe kuwa refa akikosea watu wafunge midomo milele. Sheria mbaya hulalamikiwa, na hubadilishwa. Lakini mlango wake haupo pembeni ya uwanja wakati mpira unachezwa. Hapa Canada tuna mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Olimpiki ya London, Agosti 2012, nusu fainali ya wanawake kati ya Canada na Marekani katika uwanja wa Old Trafford. Christine Sinclair alikuwa ameifungia Canada magoli matatu, na Canada wanaongoza 3-2. Refa kutoka Norway, Christina Pedersen, akamwadhibu kipa wa Canada, Erin McLeod, kwa kukaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 6. Sheria ilikuwapo, lakini marefa karibu wote wa dunia walikuwa wameiacha ilale. Marekani wakapewa mpira wa adhabu ndani ya eneo la hatari, mpira ukamgonga mchezaji wa Canada mkononi, ikawa penalti, ikawa 3-3. Mwishoni mwa muda wa nyongeza Marekani wakapata la nne. Mpaka leo ukiitaja mechi ile mbele ya Mkanada, hukunja uso.

Kosa la pale, nionavyo mimi, halikuwa la kutojua sheria. Lilikuwa ni la sheria iliyolala kuamshwa siku moja dhidi ya timu moja. Na dawa imepatikana polepole. Tangu Julai 2025 kipa ana sekunde 8, refa huinua mkono na kuhesabu sekunde 5 za mwisho kila mtu akimwona, na akizidisha, wapinzani hupewa kona. Adhabu imepungua, hesabu imewekwa wazi. Kanuni ya namna hiyo inaweza kusimamiwa kila siku na kwa kila mtu.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Februari 2007, katika mashindano ya watoto kule Laval, Quebec, refa alimzuia msichana mdogo wa timu ya Ontario asicheze kwa sababu ya hijabu, kwa hoja ya sheria ya mavazi na usalama. Timu yake ikajitoa, na nyingine za Ontario zikaifuata. Habari ikafika mpaka IFAB. Haikumalizika haraka: mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu hiyo hiyo. Mwanamfalme Ali bin Al Hussein wa Jordan, aliyekuwa makamu wa rais wa FIFA, akaipeleka hoja mbele ya IFAB. Mwaka 2012 hijabu ikaruhusiwa kwa majaribio, na mwaka 2014 ikaruhusiwa moja kwa moja. Leo wasichana wanacheza na hijabu, na wanachezesha nayo.

Katika kesi zote mbili, kilichobadilisha sheria ni ripoti, barua na hoja mbele ya wenye mamlaka. Matusi yaliyorushwa uwanjani siku zile hayakubadilisha hata herufi moja.

Refa mtoto

Sasa nifike pale nilipoahidi. Mwezi wa Mei, baridi ikishaondoka, mabustani ya Toronto hujaa watoto: Scarborough, Etobicoke, Cherry Beach kando ya ziwa. Huku mpira wetu huitwa soka, maana "futboli" kwao ni ule wa kukimbia na mpira mikononi. Watoto wa miaka 8, 9, 10 hucheza kila Jumamosi, na marefa wao ni vijana wa miaka 14, 15, 16 waliosoma kozi, wakafanya mtihani, na wanalipwa fedha kidogo kwa kila mechi. Ndipo refa huanzia. Hata wale mnaowaona kwenye televisheni wakikimbia kilomita 10 mpaka 12 katika mechi moja, walianza na watoto na kipenga cha plastiki.

Pembeni husimama wazazi. Wengi wao ni watu wema. Lakini wapo ambao mtoto wao akinyimwa kona, humgeuka refa kana kwamba amewaibia. Hali imefika hadi shirikisho la mkoa wetu, Ontario Soccer, mwaka 2025 limeanza majaribio, kwa ruhusa ya IFAB, ya kuwafunga baadhi ya marefa kamera ndogo kifuani, ili anayetaka kumtukana au kumpiga refa ajue anaonekana. Uingereza walitangulia mwaka 2023 katika ligi za chini. Na katika viwanja vingi vya huku utamwona refa kijana amevaa utepe wa kijani mkononi. Maana yake ni: huyu hajafika miaka 18, ni mtoto, chungeni ndimi zenu.

Fikirini, ndugu zangu. Imebidi mtoto avalishwe alama ili mtu mzima akumbuke kuwa ni mtoto.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka 15, na huu ni msimu wake wa pili wa kuchezesha. Msimu uliopita baba mmoja alimkemea mechi nzima, na ilipokwisha akamfuata mpaka katikati ya uwanja akamwambia arudi kwao. Kwao ni hapa hapa, amezaliwa Toronto. Hakumjibu. Alikwenda kwa kocha, akaandika jina la timu na saa, akarudi nyumbani. Usiku akakaa mezani kuandika ripoti, akaniuliza, "Babu, maneno yenyewe niyaandike kama yalivyo? Mengine mabaya." Nikamwambia, yaandike kama alivyoyasema, usipunguze wala usiongeze, na dakika uitie.

Nilimwambia hivyo kwa sababu nimekuwa karani maisha yangu yote, na najua jambo lisiloandikwa hupotea. Watu hawalijui hili: nusu ya kazi ya refa ni ya karani. Magoli, kadi, namba za jezi, dakika, nani alisema nini, yote huingia katika ripoti, na kamati ya nidhamu, ambayo haikuwapo uwanjani, huisoma ripoti hiyo ndipo ihukumu. Refa mwenye hasira anayeandika "alinitukana sana" hajaisaidia kamati. Anayeandika maneno yenyewe amewapa cha kushika. Ripoti ya mjukuu wangu ilikuwa ya mistari 9. Yule baba alizuiwa kufika uwanjani mpaka msimu ulipokwisha.

Hata hivyo kuna hesabu ambayo ripoti haikuirudisha. Walisoma kozi ile marafiki watatu. Msimu huu amerudi yeye peke yake.

Na tusiseme ni Wazungu tu. Nimesikia kwa masikio yangu Kiswahili safi cha Unguja kikimtukana mtoto wa watu uwanjani, kwa kuwa mwenye kutukana alijua hafahamiki. Yule mtoto hakuyafahamu maneno. Uso aliufahamu.

Marefa wakiondoka hivi, mwisho wake ni rahisi kuuona. Mechi ya watoto isiyo na refa inarudi kule ilikokuwa kabla ya 1891, kila upande na mwamuzi wake. Kocha mmoja anachezesha nusu ya kwanza, mwingine ya pili, na kila mmoja anavuta ngoma yake.

Yatupasayo sisi wa pembeni

Mnaowapeleka watoto na wajukuu kwenye viwanja vya Maskati, Sohar, Dubai au Abu Dhabi, nawapa haya machache, maana uwanja ni uwanja popote.

Mwacheni refa achezeshe. Mkiona kosa, kumbukeni kuwa nyinyi mmesimama pembeni na yeye yuko mbele ya mpira, au kinyume chake, na kila mmoja ameona upande wake.

Mtoto akiuliza, "Kwani tumeonewa?", msimjibu haraka. Mwulizeni aliona nini, kisha mweleze sheria inasemaje. Ikiwa hamuijui, isomeni pamoja. Ni 17 tu.

Mkiwa na lalamiko la kweli, liandikeni mkalipeleke kwa klabu au chama baada ya mechi, lenye tarehe, dakika na tukio. Wenye kushughulikia mambo hayo hawawezi kuyashughulikia makelele.

Refa akiwa kijana, mpeni mkono baada ya mechi, hasa mkiwa mmefungwa, na mwacheni mtoto wenu awaone mkifanya hivyo.

Na msidhani kazi hii si ya watu wetu. Ali Bujsaim wa Imarati alichezesha katika Kombe la Dunia mara tatu, 1994, 1998 na 2002. Nusu fainali ya Brazil na Uholanzi mwaka 1998 ilikuwa yake, na mechi ya ufunguzi ya mwaka 2002, Senegal walipowafunga Ufaransa, ilikuwa yake pia. Salima Mukansanga wa Rwanda, Januari 2022, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, na mwaka huo huo akawamo katika marefa wanawake watatu wa mwanzo kuitwa kwenye Kombe la Dunia la wanaume, kule Qatar. Jonesia Rukyaa wa Tanzania alikabidhiwa mechi ya Simba na Yanga, na mwenye kuijua mechi hiyo anajua ni mzigo gani.

Kwa hivyo kama nyumbani mna kijana wa miaka 14, mvulana au msichana, anayeujua mpira na kuupenda lakini hana nafasi katika timu, mwulizeni kama angependa kushika kipenga. Vyama vinatafuta watu. Akikubali, siku ya mechi yake ya kwanza mpelekeni, msimame pembeni, na mnyamaze.